Hata Soda Huonjwa

Jumatano, Murukulazo. Mvua imekatika asubuhi, mibuni imechanua maua meupe, na mimi nacheka peke yangu jikoni.

Majibu ya mwisho yametoka leo. Sina maambukizi.

Miezi mitatu iliyopita, kwenye harusi kule Mugoma, niliacha soda yangu mezani nikaenda kumbadilisha mtoto nepi. Kwetu anayekukaribisha pombe ya ndizi huionja kwanza mbele yako, ujue ni salama. Ila soda nani anaionja? Mimi nisiyekunywa pombe nilijiona niko salama kuliko wote. Nikarudi, nikaimalizia. Kichwa kilipoanza kuzunguka niliona aibu kusema. Nikampa tu wifi yangu mtoto ambebe.

Nilizinduka kwenye chumba nisichokijua. Aliyenifanyia ukatili ule alikuwa ameshaondoka.

Nilifika nyumbani nataka kitu kimoja tu, kuoga. Nilipomweleza mama mkwe, akasimama mbele ya ndoo. "Usioge, Mama Ombeni. Na nguo hizo hizo, twende hospitali." Nikalia kwamba kosa ni langu. Akasema, "Soda ikiachwa mezani inaingia nzi, mwanangu. Dawa inatiwa na mtu."

Walichukua damu na mkojo, wakanipa dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI kabla saa sabini na mbili hazijapita, na ya kuzuia mimba. Nesi aliniuliza polepole, wala hakuuliza nilivaa nini. Polisi wa dawati la jinsia aliandika yote. Kesi bado inaendelea, sijui itaishaje. Zile dawa za virusi nilizimeza mwezi mzima, na zinachefua kweli.

Leo nesi aliposoma majibu, mama mkwe alipiga vigelegele koridoni mpaka mlinzi akaja mbio.

"Nani kajifungua?"

"Mimi! Na mtoto mwenyewe huyu hapa," akanishika bega.

Nyumbani alinifungulia soda, ya kwanza tangu siku ile. Akaionja mbele yangu, nusu chupa nzima.

"Mama, huko si kuonja!"

"Nahakikisha."

Tulicheka mpaka Ombeni akaamka. Iliyobaki nikainywa yote.

Jumamosi wifi yangu anaolewa. Nilikuwa nimeapa sitakanyaga harusi tena. Nitaenda. Soda nitaifungua kwa mkono wangu, nikiiacha mezani siirudii, na kichwa kikizunguka nitaita mtu kwa sauti, aibu baadaye.

Halafu nitacheza mpaka kanga idondoke.