Kilengeo cha Bastola ya Baba

Plentywood, Montana
9 Januari 1994

Mwanangu Solveig,

Hujambo? Na mumeo? Mimi mzima, ng'ombe wazima, theluji imefika dirishani. Ati niuze shamba nije kukaa kwako Billings! Kisa nimegonga kwa gari sanduku la barua la Wendell? Jirani mwenyewe anajua lile sanduku limekaa vibaya.

Haya, tupeane ahadi. Machi mosi nitasimama hatua kumi toka kwenye makopo, bastola mkononi, Wendell akishuhudia. Nikiangusha makopo matatu kati ya matano, usinitajie tena Billings. Nikishindwa, nakuja bila ubishi.

Baba yako

Billings
20 Januari

Baba,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Nimekubali, maana simu hupokei na ubishi wako naujua. Ila daktari alisema macho yako yamekufa pale katikati, yamebaki kuona pembeni tu, na makopo hayatambadilishia kauli. Unakula lakini?

Mwanao Solveig

Plentywood
12 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nakula viazi. Usicheke: kila nikijaribu, nakosa makopo yote. Risasi zinakwenda kushoto. Si macho! Ni vile vidude vya kulengea juu ya bastola, vimechakaa. Niliagiza vipya kwa posta, vimeshafika, vina vitone vyeupe.

Nimeitoa risasi, nikaibana kwenye jiriwa mezani jikoni, pale marehemu mama yako alipokuwa akisukuma mikate ya viazi. Kilengeo cha nyuma hakitaki nguvu, unakigonga polepole kwa kijiti cha shaba mpaka kiteleze. Siku mbili, na dole gumba limevimba. Bado risasi zinakwenda kushoto. Unakotaka risasi iende ndiko unakosogeza kilengeo cha nyuma, hata watoto wa huku wanajua. Basi nasogeza kulia. Kesho nasogeza tena.

Solveig, nyumba imenibana. Natoka jikoni naenda dirishani, narudi jikoni. Dirishani sioni kitu, najiambia ni theluji.

Baba yako

Billings
19 Februari

Baba,

Shikamoo. Acha kugonga hicho kidude, tafadhali. Wendell kanipigia, anasema hujatoka wiki nzima. Nije? Sema tu.

Mwanao Solveig

Plentywood
2 Machi

Mwanangu Solveig,

Hujambo? Mwandiko huu ni wa Wendell. Mimi nasema, yeye anaandika.

Jana sikugusa hata kopo moja. Nikamwambia, kilengeo hiki kibovu, hebu jaribu wewe. Akakitazama, akasema, "Mzee Orlin, mbona umekisogeza mpaka nusu kiko nje?" Akapiga. Risasi zake zikaenda kulia, shubiri nzima, zote mahali pamoja. Akakirudisha katikati kwa kijiti changu, mimi nimesimama tu, alama ya katikati siioni. Akapiga tena, makopo matano, yote chini.

"Bastola nzuri hii," akasema. Kisha akawa anaangalia buti zake.

Nilikasirika, mwanangu. Nilitaka kumfukuza. Wiki tatu nimeharibu kitu kizima ili kifanane na jicho langu.

Ng'ombe atawachukua yeye. Ahadi ni ahadi, njoo unichukue, na usingoje theluji iyeyuke. Mtu nikimtazama usoni, uso haupo. Nikigeuza kichwa kidogo, ninaupata kwa pembeni. Hapo pembeni bado pazima, sijui mpaka lini. Basi ukifika usishangae nikikupa shavu, wala usidhani nimenuna. Nitakuwa nakutazama.

Baba yako