Dada, Ile Chai Waliimwaga Kweli

Dada yangu, huko uliko upumzike, lakini kwanza nisikilize.

Ile hadithi yangu ya Wamarekani kumwaga chai baharini, kumbe kweli.

Unaikumbuka. Kila Ijumaa barazani kwako Al Hail, hapa Maskati, nikishapata kahawa na tende, naianza: Wamarekani walitawaliwa na Mngereza, wakachoshwa na mambo ya kodi, wakajipaka masizi usoni, wakapanda melini na chai yote wakaitupa majini. Nawe unacheka mpaka unafuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Kodi ya nyumba ipande, wao watupe chai? Kaka'angu, wewe muongo mpaka samaki wa pwani ya Yiti wanakujua." Nikaapa babu wa rafiki yangu alikuwepo. Hilo la masizi nililitia mwenyewe, kunogesha.

Jana nlikuwa kwa mwanao Raiya, siku hizi anasomesha historia. Nikamwanzia hadithi, naye akaimalizia. Meli, makasha ya chai, hata masizi. Masizi, dada. Mtu wa kipaji changu hata akitunga anapatia.

Akanisahihisha kimoja tu: kodi yenyewe si ya nyumba, ni ushuru wa serikali. Na chai ile ilikuwa rahisi kuliko hata ya magendo. Nikamwambia huo basi ni wazimu, nani anamwaga chai rahisi? Akanijibu huku anapiga pasi abaya yake.

"Bei haikuwa neno, mjomba. Walipangiwa na watu wa mbali, wao hawakuulizwa. Ndiyo mwanzo wa vita vyao na Mngereza."

Hapo nilikuona wewe, siku kaka mkubwa alipokuletea funguo za vila ya Bawshar. Kubwa, ya bure, ina vyumba vya mtu kupotelea. Wanaume tulikuwa tumeshakubaliana, tumekuja kukujuza tu. Ukanyanyua birika la chai ya maziwa, ukalimimina lote mchangani mbele yetu.

"Hamjaniuliza."

Tukadhani umepandwa na shetani. Nami nikaitangazia Maskati nzima kuwa dada yangu kamwaga chai ya kuogea ngamia. Lakini hukuhama, mpaka ulipotutoka.

Sasa kaka anataka kuiuza nyumba yako, Raiya akakae kwake Bawshar. Ijumaa tunakutana, kaniambia kazi yangu ni kutia saini tu. Leo asubuhi nimempigia Raiya, nikamuuliza yeye mwenyewe anataka nini. Akasema tangu ufe hakuna aliyemuuliza hivyo. Anataka kubaki.

Basi Ijumaa nnakwenda, dada, na kalamu nnaiacha nyumbani. Nnachukua birika.

Kaka yako, yule muongo wako.