Giaboksi ya Njoroge

Jumanne

Kama kuna fundi hapa Bondeni ananishinda bahati, aje tupimane. Pikapu yangu ilizaliwa ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Leo imevaa giaboksi ya four-wheel na difu ya mbele, inavuta yote manne. Propela, lile bomba la kupeleka nguvu kwa magurudumu, tuliikata kidogo, sakafu tukaitoboa shimo la mkono wa pili wa gia, na ikakaa kama kiatu cha Krismasi.

Mafundi wenzangu wakauliza nimeitoa wapi.

"Bahati tu, maboss! Wengine huokota shilingi, mimi naokota giaboksi."

Wakacheka. Nami nikacheka kuwashinda.

Kugeuka, Mama Ciku amesimama nyuma yangu na chupa ya chai. Mjane wa ndugu yangu Njoroge. Ni yeye alinipa hiyo giaboksi, kutoka kwa gari ya bwanake iliyobingirika pale Kikopey ikamuua, ndio niweze kupanda matope hadi shambani kwake nimtolee viazi kabla vioze.

"Kunywa chai, shemeji, itapoa."

Afadhali angenitusi.

Akaingia kwa pikapu, akashika mkono wa gia, akausukuma mbele na nyuma polepole. Pale juu pamelainika kwa kiganja cha Njoroge. Halafu akashuka akaenda.

Kesho alfajiri naenda kubeba hivyo viazi. Nitamwomba msamaha kwanza, kama atanifungulia mlango.

Sina bahati yoyote. Nilifiwa na ndugu, nikaiita bahati.