Mtawa Aliyefuata Vitabu Mbali

Bagamoyo

Bibi yangu, shikamoo.

Mvua haikatiki, na mahujaji waliorudi wanasema hawakumwona Baba huko alikokwenda kuhiji. Jana Mchina anayekausha majongoo ya bahari, akiwa hana kazi kwa kukosa jua, alinihadithia kima mwenye uchawi aliyemlinda mtawa njiani kwenda Bara Hindi kufuata vitabu vya dini yao.

"Mtawa alikuwapo kweli, zamani," akasema. "Kima aliongezwa na wasimulizi wa sokoni. Wewe ungeamini mtu kavuka jangwa lile peke yake?"

Nikamuuliza kama alirudi.

"Alirudi, mwanangu. Kwao walikwisha kumkatia tamaa."

Basi Bibi, hitma ya Baba isisomwe kwanza, na kanzu zake usizigawe.

Nakubusu mikono.

Mjukuu wako, Mwanahamisi