Baba Kasikika Kwenye Helmeti

Kumbe baba hunisifu, mama, tena kwa fundi wa pikipiki! Yuleyule anayesema kila siku sijaiva kuendesha pikipiki milimani.

Asubuhi nilifunga redio kwenye helmeti zetu, nikaziweka zijiwashe mtu akiongea, mikono isitoke kwenye usukani. Baba sikuwa nimemwambia. Kavaa yake huko uani, mimi niko sebuleni na yangu, namsikia anamnong'oneza fundi: "Huyu binti ananizidi. Namwacha nyumbani kwa woga wangu tu."

Nikamjibu sikioni, "Nimekupata, baba."

Naye: "Haya, vaa buti."

Chakula kipo jikoni, pasha tu. Baba akipiga simu, jifanye hujui kwamba kanisifu. Tunarudi ~~leo jioni~~ kesho, ndipo nitakusimulia nani alikwama matopeni na nani alimvuta.

Kitinda mimba wako