Jambia la Bwana Betri

Jumatatu, 3 Machi

Limefika! Limeviringishwa magazeti kama sufuria la mtu anayehama. Jambia. Muuzaji wa mtandaoni ameapa lina miaka mia mbili. Nimevaa lenzi ya kazini, ile ninayotazamia matumbo ya saa, nikalikagua hadi chai ikapoa. Kutu ya kahawia, mpini wa pembe, pini moja ya shaba. Mke wangu kapita na ndoo, akasema kisu cha vitunguu nacho hakikati, kama nina nafasi. Nabii hakubaliki kwao.

Jumatano, 5 Machi

Kitu kimoja kinanikera. Kutu imeenea sawasawa kila mahali. Saa kuukuu huchakaa pale kidole kinapogusa. Hili limechakaa kwa haki na usawa. Nimeamua kwamba mwenyewe wa kwanza alikuwa mtu mwangalifu mno. (Mtu akitaka kuamini, sababu hazimpigi chenga.)

Nimempigia simu bwana wa makumbusho. Anakuja Jumapili. Likipita, linaingia kabati la kioo, na kikaratasi chenye jina langu! Nimemwalika na baba mkwe. Mzee alikuwa mhunzi miaka arobaini, na tangu siku ya harusi ananiita Bwana Betri, maana fundi saa wa siku hizi, asema, kazi yake ni kubadilisha betri tu. Haya. Atakisoma kikaratasi.

Ijumaa, 7 Machi

Subira imenishinda. Nimegonga pini kwa nyundo yangu ndogo ya saa, mpini ukachomoka. Kwenye chuma cha ndani, safi, bila kutu — nukta tatu, zimepigwa pembetatu. Alama ya mhunzi! Nikamwita mke wangu aje aone historia.

Kaja, kaona, kaketi sakafuni. Nilidhani kizunguzungu. Kumbe kicheko.

"Hii ya baba!"

Kila jembe, kila kisu kilichotoka kwa baba yake kilikuwa na nukta hizo. Na majambia? Aliyafukia kwenye vumbi la mbao lililolowa maji ya chumvi, mwezi mzima, ndipo akawauzia wageni wapenda vya kale. Na aliyekuwa akiyamwagilia maji kila asubuhi kabla ya shule ni nani? Yeye mwenyewe, mke wangu.

"Kama mchicha, mume wangu! Kama mchicha!"

Kwa hiyo nimekaa na mtaalamu wa kutu miaka kumi na tisa, nami namwuliza chumvi iko wapi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimerudisha mpini. Simu ya bwana wa makumbusho inaita tu, haipokelewi. Nimwambie baba mkwe? Atanicheka hadi siku ya kunizika, na hapo ataomba nafasi ya kusema machache. Mke wangu ashauri ninyamaze: macho ya mzee yamechoka, hatalitambua. Alishauri huku amejiziba mdomo kwa taulo la vyombo.

Jumapili, 9 Machi

Naandika chumbani. Nimeaga kwamba natafuta miwani. Imo usoni.

Sebuleni kuna balaa la kistaarabu. Bwana wa makumbusho kavaa glavu nyeupe, kalipakata jambia kama kichanga. Asema mia mbili, pengine na ushee! Baba mkwe alilitupia jicho mara moja. Akanitupia mimi la pili. Akarudi kwenye chai yake. Nikashusha pumzi. Kumbe tunaweza kuvuka bila mtu kulowa — mzee na siri yake, mimi na kikaratasi changu.

Mgeni ndiye aliyeharibu. Tazama lilivyofuliwa, akasema. Mikono hii ilikwenda na wenyewe. Wahunzi tuliowakuta sisi? Wa kunyoosha majembe tu, wale.

Hapo ndipo nilipokumbuka miwani.

Sasa nasikia kikombe kikigonga kisahani. Mke wangu anakohoa — kile kikohozi chake, nakijua. Kiti kinasukumwa nyuma.

"Bwana Betri!" Mzee huyo, sauti ya karakana kabisa. "Njoo na ile nyundo yako ndogo!"