Ukinisema, Nami Nitakusema

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, mguu umeuweka juu ya kigoda kama ulivyoagizwa, na hujaanza ubishi wako wa kutaka kukanyaga cherehani kabla plasta haijatolewa. Maumivu yamepungua? Na wenye sare zao za shule, wamekuelewa au bado wanakugongea mlango asubuhi asubuhi? Pole sana, dada. Kuhusu afya yangu mimi nitakueleza mbele ya safari. Nakuomba tu usiruke kurasa.

Barua hii nimempa shemeji mkononi. Nimemwomba akukabidhi akishanawa vumbi la safari, kisha akuache usome peke yako. Hajui kilichomo, kwa hiyo usimgombeze kwa jambo lolote ambalo hakukwambia. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Nimepiga, dada, tena sana, lakini kila nikisikia sauti yako nageuka mtangazaji. Nakwambia mtoto anaendelea vizuri, damu ilipungua kidogo tu, madaktari wa huku hawana neno, halafu nakutakia siku njema kama ninayemuaga mtazamaji. Sauti hiyo nimeizoea mno, inanitoka hata nikiwa natetemeka. Kwenye karatasi hainipati.

Acha nianzie alipofika.

Mwanao Chiriku alifika kwangu akiwa yule yule tunayemjua, chiriku wa jina na wa mdomo. Kabla hajavua viatu alikuwa ameshanisimulia basi zima: nani alikoroma, nani aligombana na kondakta kwa ajili ya kuku wake, nani alimwomba namba ya simu akampa ya baba yake. Alimaliza mkate wangu wote kwa chai ya maziwa, akauliza kama kuna kingine. Nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Nyumba hii ilikuwa haijapata kelele za namna ile tangu nihamie.

Alikuwa na hamu ya kuona kipindi changu cha asubuhi cha runinga kinavyotengenezwa, nami nikaona si vibaya, anasubiri matokeo ya mtihani, hana la kufanya. Nikamchukua kazini. Studio ni chumba cha kawaida tu, dada, baridi kama ndani ya majokofu anayotengeneza shemeji, nyaya zimetambaa sakafuni, taa zinachoma macho. Nguo tunazovaa huletwa na wadhamini, na huja saizi moja, ndogo. Ikikupwaya, mpambaji anaibana mgongoni kwa vibanio, kwa sababu mgongoni hakuna kamera. Chiriku alivicheka sana vile vibanio. Alisema mbele mimi ni malkia, nyuma ni kamba ya kuanikia.

Kipindi kilipokwisha mpambaji akampaka poda kwa mzaha, akamkalisha kwenye kiti changu. Mpiga picha akamwelekezea kamera. Sura yake ilipotokea kwenye skrini kubwa ya ukutani, yule kaka akasema mashavu kama hayo yangefaa kupuliza tarumbeta. Watu wakacheka. Chiriku alicheka kuliko wote. Mimi pia nilicheka, dada, sitakuficha. Lakini wengine walipogeuka kukusanya nyaya nilimwona bado anaitazama ile skrini, anajigusa shavu kwa ncha ya kidole, kama mtu anayegusa jipu.

Siku ile ile akaiweka mtandaoni video aliyorekodiwa pale, amekaa kwenye kiti cha mtangazaji, anatabasamu. Wengi walimsifu. Yeye hakunisomea hao. Alinisomea aliyeandika kwamba runinga ya kwao nusura ipasuke. Alinisomea na mwingine aliyeiunganisha picha yangu na yake, akauliza kama hapo mpwa ameshamla mama mdogo wake au bado anamtafuna. Nikamwambia aifute, watu wa mitandaoni hawana kazi. Akaifuta. Ila simu ilikuwa imeshamjua. Kila akiifungua ilimletea wasichana wengine: huyu anaonyesha anachokula kutwa nzima, nacho hakishibishi hata kifaranga, yule anajipima kiuno mbele ya kioo, mwingine anaeleza kwa sauti tamu kwamba njaa ni ya wiki ya kwanza tu, baadaye mwili unazoea. Alitazama mmoja, zikaja picha za kumi. Nilikuwa namwona kwenye kochi, uso umemulikwa na kioo cha simu, mdomo kimya. Nikadhani amechoka.

Akaanza kupika. Hapo ndipo nilipodanganyika, dada, kwa sababu alipika kama ana harusi: wali, maharage, mayai, maandazi. Alinipakulia mimi, akawapelekea majirani, akasimama kutuangalia tunavyokula. Kwake alijiwekea kidogo, akakikatakata vipande vipande, akavizungusha kwenye sahani mpaka vikapoa. Nikimuuliza, ameshakula kwa jirani. Jirani akimuuliza, ameshakula kwa mama mdogo. Joto lote hili yeye anavaa sweta. Nikawa naokota nywele kwenye tundu la maji bafuni, nywele zake, mafungu.

Na watu walimsifu! Mlinzi wa jengo alimsifu, mwenye duka alimsifu, wasichana wa ghorofa ya juu walimfuata mlangoni wakitaka awape siri. Nawe ulipomwona kwenye simu ulisema hewa ya huku imemkubali. Sikulaumu, dada. Kioo cha simu ni kidogo, na mtoto alijua pa kusimama.

Walionishtua ni sisimizi. Nilikuta msururu wao ukutani chumbani kwake, nikaufuata hadi nyuma ya kabati. Kulikuwa na mifuko ya plastiki, imefungwa vizuri, imejaa chakula. Ile mikate niliyomwachia, vile viazi, lile yai alilolimenya mbele yangu. Vyote vimeoza. Nilisimama pale nimeziba pua, nikapata hofu ya ajabu, kama nimefumania maiti. Nilipomuuliza alisema ni panya. Nikamwambia panya hawafungi mafundo. Akanitazama kwa macho ambayo sikuyajua, makavu, akaniambia nimwache.

Nami nikamwacha. Sababu yake utaiona mbele.

Jumapili moja asubuhi niliona maji yakitoka chini ya mlango wa bafuni. Nikamwita, kimya. Nikagonga mpaka mlinzi akapanda, akapiga bega kitasa kikang'oka. Mwanetu alikuwa sakafuni, maji yanamtiririkia, midomo rangi ya jivu, macho wazi bila kuniona. Nikamnyanyua. Dada, nilimnyanyua mimi peke yangu, kwa mikono hii, kama ninavyonyanyua nguo kutoka kwenye kamba. Hofu niliyoipata pale haijanitoka mpaka sasa ninapokuandikia. Nikilala naisikia mikononi.

Hospitali alitupokea daktari mmoja mama mtu mzima, mpole, asiyependa maneno mengi. Alisema mapigo ya moyo yapo chini sana na chumvi za damu zimevurugika. Alisema mwili ukinyimwa chakula huanza kujila wenyewe, na moyo nao ni nyama. Nikamuuliza kama atapona. Nilitaka aseme ndiyo. Alisema tumemwahi, na tusubiri.

Shemeji alipofika mimi ndiye niliyemwambia ni vidonda vya tumbo. Basi akatoka akaenda kununua kuku wa kuchoma, akaja akaketi kitandani, akawa anamchambulia nyama kwa vidole vyake vile vya mafuta ya mashine, anambembeleza kama mtoto wa kuachishwa ziwa. Chiriku aliifumba midomo, machozi yanamtoka bila sauti. Shemeji akatoka nje. Nikamkuta kwenye korido ameegemea ukuta, analia. Akaniambia, "Shemeji, jokofu likigoma najua pa kugusa. Huyu mtoto sijui nimguse wapi." Nikamshika bega. Ulimi wangu ulikuwa na la kumwambia, ukakataa.

Sasa nalifikia, dada. Shusha pumzi.

Siku moja kabla sijaanza barua hii, daktari alituuliza mbele ya mtoto kama nyumbani yupo mtu mwingine mwenye taabu ya namna hii. Nikajibu hapana. Nilijibu haraka, kwa ile sauti yangu ya asubuhi. Daktari alipotoka, Chiriku akanikamata mkono. Hakuwa na nguvu lakini kucha zake ziliingia.

"Mama mdogo," akasema, "usimwambie mama wala baba. Ukinisema, nami nitakusema."

Nikamuuliza atanisema nini.

Hakupepesa macho. "Nalisikia bomba."

Dada, tangu mkuu wa vipindi aliponiambia kwamba naijaza skrini mno, mimi nikishakula naingia bafuni, nafungulia bomba lote, natapika. Chakula chako ulichonipikia nilipokuja kukuona, nilikitapika nyumbani kwako, ukiwa jikoni unaimba. Vile vibanio vya mgongoni nilikuwa navionea fahari; mpambaji akiongeza kimoja, siku nzima nipo juu. Meno yangu ya nyuma yamelika. Kuna asubuhi moyo ulinikatika katikati ya kusoma majina ya washindi, nikatabasamu tu mpaka ukarudi. Watu wakaniandikia kwamba nimependeza. Niliijua ile mifuko nyuma ya kabati maana yake nini kuliko mtu yeyote. Niliogopa kumuuliza zaidi asije akaniuliza mimi.

Nikaona jinsi mambo yatakavyokwenda: mimi nitamtunzia siri yake, naye atanitunzia yangu, tutaheshimiana hivyo hivyo mpaka mmoja wetu azikwe. Na yule wa kuzikwa kwanza alikuwa amelala mbele yangu, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

Nikainuka. Nikamkuta daktari anaandika kwenye meza ya wauguzi, nikamwomba arudi, na nikalisema pale pale kitandani ili mtoto asikie kwa masikio yake. Nikasema, "Daktari, nilikudanganya. Yupo. Ni mimi." Sauti ilitoka mbaya, inakwaruza, sikuitambua.

Nilidhani Chiriku atapumua. Alinipigia kelele. Aliniita msaliti, akasema sasa sote wawili watatulisha kwa nguvu, akasema hataki kuniona, akajifunika shuka gubigubi. Sikumlaumu, maana hata mimi nilikuwa najichukia. Jioni mkono ukatoka chini ya shuka, ukatafuta wangu, ukakaa hapo.

Daktari alinitoa damu. Majibu yalirudi haraka kuliko nilivyotaka, pamoja na muuguzi na kiti cha magurudumu. Sikuruhusiwa kurudi nyumbani hata kuchukua mswaki. Kwa hiyo barua hii, dada, siiandiki kama muuguzaji wa mwanao. Naiandika nikiwa kitanda cha pili yake, waya zimebandikwa kifuani, mashine juu ya kichwa inahesabu moyo wangu kwa sauti. Shemeji alipopita jioni nilikuwa nimevuta shuka hadi kidevuni, akadhani nimejinyoosha kwa uchovu na mashine ni ya mtoto. Mwambie wewe, taratibu. Mimi nimeshindwa kumwona akilia mara mbili.

Naogopa, dada. Naogopa ile mashine ikinyamaza kidogo. Mkuu wa vipindi ameniandikia kunitakia nafuu, akaongeza kwamba binti anayenishikia nafasi anaendelea vizuri na nguo zinamkaa bila kibanio hata kimoja. Unajua nilichohisi? Wivu. Nipo hapa na waya kifuani, namwonea wivu mtoto wa watu. Ndipo nikajua kwamba kusema peke yake hakujaniponya, na kwamba hiki kitu bado kimenikalia kooni kinanisubiri nitoke.

Daktari anasema itachukua muda, na kwamba ni ugonjwa, si deko wala kiburi. Anataka kuonana nawe plasta ikitolewa. Ukija, nakuomba, usimwambie Chiriku amekonda, usimwambie amenenepa, usimsifu sura wala usimlilie mifupa. Muulize habari nyingine yoyote. Mtukanie hata kondakta. Nami usiniulize kwa nini sikukwambia. Nitakwambia mwenyewe, nikishaipata sauti ya kukwambia.

Nasikia magurudumu ya toroli koridoni, wanaleta uji. Chiriku ameshaketi, ameshika ukingo wa kitanda kama mtu aliye kwenye gari lililokatika breki. Bakuli moja kila mtu, na muuguzi anakaa nasi mpaka tumalize na baada ya hapo. Mtoto ameniuliza nani aanze. Nimemwambia nitaanza mimi.

Msalimie kila anayeniulizia, na usiwafiche nilipo. Mguu wako uutunze, tunauhitaji huku. Mungu akulinde, nasi atushike.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Kitindamimba.